Kiwanja Kipo, Nyumba Iko Wapi?

Nje ya Ibra, nchini Oman, upande wa kwendea Sur, ardhi ni tambarare ya changarawe inayokwenda mpaka macho yachoke. Kwa mbali utadhani haina mwenyewe. Ukisogea unaviona vigingi vya mipaka vimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Hapa pana nyumba nyeupe iliyokamilika, chini na juu, yenye ukuta mrefu na geti la chuma lenye nakshi. Kiwanja kinachofuata ni kitupu. Cha tatu kina nguzo za zege bila paa, na nondo zilizochomoza juu zimeshika kutu. Vinafuata vitupu vinne au vitano, ndipo nyumba nyingine. Lori la buluu la maji ya kunywa linakatiza kwenye njia ya vumbi kwenda kujaza tangi la mtu, maana bomba la mtaa halijafika.

Hali hii haiko Ibra peke yake. Iko pembezoni mwa Nizwa, iko Sur, iko karibu kila mji wa mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah. Oman ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 309,000, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 4,471,148 tu, wageni wakiwamo. Zanzibar, yenye visiwa visivyozidi sana kilomita za mraba 2,500, ilihesabiwa watu karibu milioni 1.9 mwaka 2022. Kwa mizani hiyo Oman haina uhaba wa ardhi. Hata hivyo kijana wa Ibra anayetaka kuoa anaweza kuwa na hati ya kiwanja mkononi na bado akakaa miaka chumba kimoja na mkewe kwa wazazi, watoto wakizaliwa humo humo.

Jibu linalosikika sana ni pesa: mishahara midogo, saruji ghali, mkopo haufiki. Pesa ni sehemu ya kisa. Lakini tatizo lina mzizi wa ndani zaidi, nao ni namna ardhi inavyogawiwa. Namna hiyo ndiyo inayozifanya nyumba ziwe chache, na ndiyo hiyo hiyo inayouzuia ujenzi wenyewe usiende mbele.

Utaratibu huo ulianza kwa nia njema kabisa. Sultan Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi na skuli tatu za kisasa. Aliwaita Waomani walio nje warudi kujenga nchi. Maelfu waliitika kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Kongo, wengine wakiwa wamekwishapoteza kila kitu katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wengi asili yao ilikuwa Ibra, al-Mudhairib, Sur, Nizwa na vijiji vyake. Waliofika kwenye miji ya asili walikuta nyumba ya babu imegawika kwa mirathi mara mbili tatu, vyumba vimejaa jamaa, umeme hakuna. Waliojua Kiingereza na kazi za ofisini wakavutwa Muscat. Ukoo ukabaki na mguu mmoja mji mkuu na mwingine ndani ya nchi, na mpaka leo Alhamisi jioni barabara za kutoka Muscat kwenda Nizwa na Ibra hujaa magari ya watu wanaorudi kwao.

Serikali ilijibu haja hiyo kwa kugawa ardhi. Amri ya kisultani ya mwaka 1984 iliweka haki ya raia kupata kiwanja cha serikali cha kujenga makazi, na kwa miaka mingi aliyetimiza masharti aliandikisha ombi, akasubiri zamu, kisha kura ikaamua apate wapi. Kiwanja cha kawaida kilikuwa cha mita za mraba 600 hivi. Mwaka 2008 amri nyingine ikawapa wanawake haki sawa na wanaume. Ilikuwa hatua ya haki, na ni nchi chache duniani zinazoweza kusema raia wake wa kawaida, mwanamume au mwanamke, anapewa ardhi na dola karibu bure.

Tatizo ni kwamba ugawaji ulikimbia na huduma zikatembea. Viwanja vilichorwa kwenye ramani kabla ya bomba, kabla ya nguzo za umeme, kabla ya lami na kituo cha afya. Aliyepata kiwanja mahali pasipo na kitu alifanya jambo la busara kwake: alikiweka. Wengine waliuza. Wengine walisubiri bei ya kiwanja ipande. Mume ana kiwanja kaskazini ya mji, mke ana kiwanja kusini, na pesa za kujenga hazitoshi hata kimoja. Wachache wenye haraka walijenga, kila mmoja peke yake katikati ya changarawe, kisha wakadai maji na umeme kama walivyo na haki.

Hapo ndipo gharama inapojificha. Maji ya Sharqiyah kwa sehemu kubwa yanatoka baharini, kwenye kiwanda cha Sur cha kuondoa chumvi kilichoanza kazi mwaka 2009. Kutoka pwani yanasukumwa kupanda ndani ya nchi. Kila mita ya bomba inayopita mbele ya viwanja vitano vitupu kuifikia nyumba moja inalipiwa na umma. Nguzo za umeme ni hivyo hivyo, lami ni hivyo hivyo, na basi la skuli linalomzungukia mtoto mmoja asubuhi. Fedha zinazotandazwa hivyo hazibaki za kumsaidia mtu kusimamisha nyumba.

Msaada wa kujenga upo. Benki ya Nyumba ya Oman ilianzishwa mwaka 1977, na mikopo yake yenye ruzuku imewapandishia paa watu wengi ambao benki za biashara zisingewatazama. Wizara ya Nyumba nayo ina mpango wa nyumba za jamii kwa wenye kipato cha chini kabisa. Lakini waombaji ni wengi, na foleni ni ndefu. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia 2014, matumizi ya serikali yalibanwa. Mwaka 2021 ulipoanza, ruzuku ya umeme ilianza kupunguzwa hatua kwa hatua, na Aprili ikaingia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mtu aliyekuwa nusu ya ukuta aliuhisi mwaka ule mfukoni.

Kisha kuna nyumba yenyewe inayotamaniwa. Desturi inataka majlisi ya wageni wanaume yenye mlango wake, sebule ya wanawake isiyochunguliwa, jiko la ndani na la nje, na vyumba vya kutosha familia kubwa, pamoja na mtoto wa kiume atakayeoa na kubaki. Hakuna la kulaumu hapo. Satri na ukarimu ni mambo ambayo mtu wa Dakhiliyah hayaachi kwa sababu ya bei ya tofali. Lakini nyumba ya namna hiyo, ikijengwa yote kwa mara moja na mtu mmoja anayeanza maisha, ni mzigo wa makumi ya maelfu ya riyali, na riyali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani. Nondo zinazokula kutu nje ya miji hii mara nyingi ni za ndoto iliyochorwa yote siku ya kwanza.

Tuitazame nyumba hiyo inavyojengwa. Mwenye kiwanja anatafuta ofisi ya michoro, anapewa mchoro unaofanana na wa jirani, anapeleka manispaa kutafuta kibali, kisha anatafuta mkandarasi mdogo kwa kuulizia. Mkandarasi analeta kundi la mafundi, wengi wao kutoka Bangladesh, India na Pakistan. Tofali ni bloku la kijivu la saruji lenye matundu, unene wa sentimita 20. Linapangwa kwa mkono, moja juu ya jingine, lipu nje na lipu ndani, halafu rangi. Safu ya kuzuia joto mara nyingi haimo, kwa sababu haionekani na hakuna anayeiulizia. Saa kumi alasiri ya Juni, ukuta wa chumba unaotazama magharibi ni wa moto kwa ndani. Kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi na hakitanyamaza usiku kucha. Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, kwenye pwani ya kuelekea Sur, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwamo. Hiyo ndiyo hali ya hewa ambayo bloku tupu la sentimita 20 linatakiwa kukikinga nayo chumba cha watoto.

Wazee hawakujenga hivyo. Kuta za hara (mtaa wa kale) ya al-Aqr ya Nizwa, iliyo karibu na ngome ya Imamu Sultan bin Saif, na za hara ya al-Munisfah ya Ibra, zilijengwa kwa udongo, na katika majumba makubwa unene wake hufika nusu mita na kupita. Joto la mchana hulipenya tofali la udongo taratibu, na jua huzama kabla joto halijatokea upande wa pili. Nyumba zimeegemeana. Vichochoro ni vyembamba na vina kivuli. Jua linapata upande mmoja wa ukuta, au paa tu, lisiweze kuizunguka nyumba. Nyumba mpya iliyosimama peke yake katikati ya mita 600 inapigwa na jua pande zote nne, kisha kanuni za mipaka zinaitaka irudi nyuma kutoka kila upande, na vipande vinavyobaki huwa havitoshi bustani wala uwanja wa ndani.

Plasta ya majumba makubwa na mifereji ya maji ya falaj ilikuwa sarooj. Udongo ulifinyangwa, ukakaushwa, ukapangwa juu ya magogo ya mitende, ukachomwa siku kadhaa, kisha ukatwangwa mpaka ukawa unga. Ukichanganywa na maji unashika na kuhimili unyevu. Falaj Daris wa Nizwa, Falaj al-Khatmayn wa Birkat al-Mawz na Falaj al-Jila wa upande wa Sur ni miongoni mwa mifereji mitano iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia.

Na juu ya kuta hizo kulikuwa na Afrika Mashariki. Majahazi ya Sur yalipeleka tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Mwandishi wa Australia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait, aliona mwenyewe mwaka 1939 jinsi boriti zilivyopakiwa Rufiji kwa ajili ya Ghuba. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, hatua kama tatu hivi, Ibra sawa na Mji Mkongwe wa Unguja. Utajiri wa karafuu na pembe ndio uliosimamisha majumba ya al-Munisfah na milango yake ya nakshi. Biashara hiyo ilikwisha. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na kufikia hapo zege lilikuwa limekwishashika soko la Oman.

Sasa hara nyingi ni tupu. Watu walihama kuifuata barabara na viwanja vipya, na nyumba zikabaki za warithi. Ukuta mmoja wa udongo unaweza kuwa na wenyewe thelathini, wengine Muscat, wengine Dubai, wengine Unguja. Kuutengeneza kunahitaji ridhaa yao wote, kuuacha hakuhitaji ya mtu, kwa hiyo mvua ndiyo inayoamua. Ni hasara kubwa sana: vyumba vyenye kivuli, maji karibu na msikiti mlangoni vinaporomoka huku mji ukitandaza mabomba kilomita kumi nje.

Al-Aqr imeonyesha kuwa inawezekana. Wenyeji wa Nizwa walikusanya mitaji, wakaanza kukarabati nyumba moja baada ya nyingine, na leo vichochoro vina nyumba za wageni, mikahawa na watembezi juu ya ukuta wa mji. Misfat al-Abriyin, kijiji cha al-Hamra, kilitambuliwa mwaka 2021 na shirika la utalii la Umoja wa Mataifa kuwa miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Heshima wanastahili. Lakini vyumba hivyo vinalaza wageni wa usiku mmoja. Mkahawa haujampa aliyeomba kiwanja pa kulala, na hakuna sababu ya msingi kwa nini ukarabati ule ule, ukiwa na mabomba na umeme wa siri ukutani, usiwe wa familia changa zinazotaka kukaa.

Wapo wanaojaribu njia mpya. Mwaka 2011 Baraza la Utafiti la Oman lilianzisha mashindano ya nyumba za kijani kwa vyuo, na Chuo Kikuu cha Nizwa kilikuwa kimojawapo kilichojenga nyumba ya mfano, isiyohitaji umeme mwingi kupoza. Desemba 2021, huko Halban, nje ya Muscat, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kijerumani kilichapa kwa mashine nyumba ya mita za mraba 190. Kampuni ya COBOD ya Denmark ilileta mashine, Cemex ya Mexico ikaleta ujuzi wa zege, na karibu malighafi yote ilitoka Oman. Mashine inamwaga zege tabaka juu ya tabaka kama mpishi anavyokamua unga wa jilebi, na kuta zilisimama kwa kazi ya siku tano tu ya mashine. Mpango wa nyumba hiyo ulifuata nyumba ya jamii ya Kiomani: vyumba vitatu vya kulala, bafu tatu, sebule, jiko na chumba cha wageni.

Swali ni kwa nini baada ya hapo Ibra na Sur hazikujaa nyumba za mashine. Ni kwa sababu mashine, kama kiwanda cha kuta zilizokwisha kutengenezwa, inalipa inapojenga nyumba mia moja zilizo jirani. Kuisafirisha kwa lori, kuifunga, kupima ardhi, kujenga ukuta wa nyumba moja, kuifungua na kuihamishia kiwanja cha kilomita nane mbele ni hasara. Viwanja vya kura viliwagawa wateja wa teknolojia kabla teknolojia haijafika. Kila mwenye kiwanja ni mradi wa pekee, na kwa mradi wa pekee hakuna anayemshinda mkandarasi mdogo na bloku lake.

Mfumo huo pia umejengwa juu ya migongo ya watu wanaotoka mbali. Kazi ya nje husimamishwa Juni hadi Agosti kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, na ni haki yao. Mwaka 2020 janga la korona lilipopiga, wageni zaidi ya 200,000 waliondoka nchini kwa muda mfupi, na Oktoba 2023 polisi walisitisha kutoa viza mpya kwa Wabangladeshi. Kila mara hilo linapotokea, nyumba zilizofika usawa wa dirisha husimama. Vijana wa Kiomani hawaingii kwenye ufundi wa kupanga bloku, kwa ujira na hadhi yake ilivyo leo. Wangeingia kwenye kuendesha mashine, kupima, kufunga mifumo ya umeme wa jua na kukarabati udongo kitaalamu, kama kazi hizo zingekuwa nyingi na za kudumu. Ajira na nyumba hapa ni faili moja, ingawa ziko ofisi mbili.

Maumbile nayo hayasamehi. Kati ya milima na bustani za mitende, ardhi tambarare inayobaki mara nyingi ni njia ya wadi (bonde kavu linalofurika mvua ikinyesha). Kimbunga Gonu cha Juni 2007 na Phet cha Juni 2010 viliipiga pwani ya Sur. Tarehe 14 Aprili 2024 mafuriko yaliwachukua watoto wa skuli huko Samad al-Shan, wilaya ya al-Mudhaibi, na nchi nzima ililia. Nyumba zinapotawanyika, njia za kuvuka wadi huongezeka, na kila moja ni mahali ambapo gari la skuli litasimama kuamua. Kuzikusanya nyumba pamoja ni suala la usalama kama lilivyo la fedha.

Serikali ya Sultan Haitham, aliyeshika madaraka Januari 2020, imelitambua hilo. Wizara ya Nyumba na Mipango Miji imeleta Sorouh, mpango wa mitaa inayojengwa na kampuni kwa pamoja, nyumba zikiwa na barabara, skuli na misikiti, na mwenye haki ya kiwanja akiweza kuchagua nyumba humo. Mei 2023 ulizinduliwa Mji wa Sultan Haitham huko Seeb, wa makazi 20,000 kwa watu 100,000. Mkakati wa kitaifa wa maendeleo ya miji umeitaja Nizwa Kuu kuwa miongoni mwa miji minne ya kupangwa upya, pamoja na Muscat, Sohar na Salalah.

Ni mwelekeo sahihi. Hofu ni kwamba fedha na ujuzi vitaishia Muscat, na Ibra na Sur zitaletewa michoro ya Muscat iliyopunguzwa. Mtaa wa pamoja unaweza kuheshimu satri zaidi kuliko nyumba ya peke yake, kwa kuwa ndivyo hara ilivyofanya kwa karne nyingi: ukuta wa pamoja, uwanja wa ndani, mlango usiotazamana na wa jirani. Mchoraji anayekwenda kupima hara ya al-Munisfah kabla ya kuchora atajifunza mengi hapo kuliko kwenye majarida ya Dubai.

Na vipi walio na viwanja vya zamani mkononi? Hawawezi kunyang'anywa. Lakini wenye viwanja jirani, kumi au ishirini, wakikubaliana kujenga mara moja, wanapata mchoro wa pamoja, mkandarasi mmoja mwenye kiwanda, bei nafuu ya saruji, na hoja ya kulivuta bomba lao mbele. Kinachokosekana ni mkopo wa kundi. Kwa sasa mkopo wa nyumba hupewa mtu mmoja kwa kiwanja kimoja, na tarehe ya kila mmoja ni yake. Mabaraza ya manispaa yaliyochaguliwa kwa kura za wananchi kwa mara ya kwanza Desemba 2012, na kwa mara ya tatu Desemba 2022, yana nafasi ya kulileta jambo hili mbele ya wizara na benki, yakianzia na mtaa mmoja wa nje ya Ibra ambao wenye viwanja vyake wanafahamiana kwa majina na wamechoka kusubiri.